Kisigino kikae hewani: mwongozo kamili wa kulinda mguu uliobaki baada ya mwingine kukatwa

Mgonjwa anaporudi wodini baada ya kukatwa mguu, macho yote huenda kwenye kigutu. Daktari anauliza kama bandeji imelowa damu, muuguzi anapima presha, ndugu wanatazama pale mguu ulipokuwa wanakosa la kusema. Mguu wa pili, ule mzima, umelala juu ya godoro na hakuna anayeuangalia. Kisigino chake kinabeba uzito mchana, jioni, usiku kucha. Siku ya tatu mtu anafunua shuka na kukuta doa la zambarau au lengelenge lenye damu. Kwa mgonjwa wa kisukari ambaye mishipa yake ya damu imeshakuwa myembamba, doa hilo laweza kumrudisha chumba cha upasuaji, safari hii kwa ajili ya mguu wa pili.

Tumeuandika mwongozo huu kwa wauguzi wa wodi za upasuaji na kwa ndugu wanaouguza mkoani Tanga, iwe Bombo kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa au katika hospitali za wilaya zinazohudumia Handeni, Korogwe, Lushoto na Pangani. Vifaa vingi tunavyovitaja havina gharama kubwa: mto, kanga, kipande cha sponji. Kinachopungua mara nyingi ni mtu wa kufunua shuka na kutazama.

Kwa nini kisigino, na kwa nini mgonjwa huyu

Mfupa wa kisigino ni wa mviringo kwa nyuma, na kati yake na godoro hakuna msuli. Kuna ngozi na tabaka jembamba la mafuta basi. Mtu akilala chali, uzito wa sehemu ya chini ya mguu huangukia mahali padogo kama sarafu. Nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro haipati damu, na ikikaa hivyo kwa saa kadhaa huanza kufa.

Uharibifu huo mara nyingi huanzia ndani, karibu na mfupa, kabla ngozi haijaonyesha kitu. Doa la zambarau huweza kujitokeza saa 48 hadi 72 baada ya mgandamizo uliolisababisha. Kwa hiyo doa linaloonekana siku ya tatu baada ya upasuaji huenda lilianzia kwenye meza ya upasuaji, au usiku ule wa kwanza ganzi ilipokuwa haijaisha. Anayesubiri kuona ndipo akinge amechelewa siku mbili.

Mgonjwa aliyekatwa mguu ana hatari zake za pekee. Ugonjwa uliouchukua mguu wa kwanza, iwe kisukari au kuziba kwa ateri (mishipa inayopeleka damu mguuni), kwa kawaida upo pia katika wa pili. Neva (mishipa ya fahamu) zikiwa zimekufa ganzi hatasikia maumivu ya kumwamsha ageuze mguu. Dawa ya ganzi ya mgongoni huulaza mguu wote kwa saa kadhaa hata kwa mtu ambaye neva zake ni nzima. Kisha, akishaanza kujimudu, mguu huo mmoja unakuwa ndio nguzo yake ya kila kitu: kujisogeza juu kitandani, kujiinua akae kwenye bedpani (chombo cha kujisaidia kitandani), kugeuka. Kila mara anakita kisigino kwenye shuka na kusukuma.

Wodi zinazotumia kipimo cha Braden, kinachokadiria hatari ya mgonjwa kupata vidonda vya mgandamizo, hutoa alama kati ya 6 na 23, na alama 18 kushuka chini huhesabiwa kuwa ni hatari. Kitumieni, lakini kipimo hicho hakiulizi damu inafikaje mguuni. Mgonjwa aliyekatwa mguu kwa sababu ya ateri kuziba akipata alama 19, sisi tungemhesabu kuwa yuko hatarini vilevile.

Kabla ya upasuaji

Kazi huanza siku ya kulazwa. Vua soksi, ondoa bandeji yoyote, tazama kisigino chote: nyuma, pembeni pande zote mbili, na chini. Andika ulichokiona kwenye faili pamoja na tarehe na saa. Bila maandishi hayo, siku ya nne hakuna atakayejua kama ufa ule ulikuwepo tangu nyumbani.

Tafuta mapigo ya damu sehemu mbili, juu ya mguu mbele ya kifundo, na nyuma ya fundo la ndani. Bonyeza kucha ya kidole gumba kisha uachie. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, mwambie daktari. Halafu mwambie mgonjwa afumbe macho, uguse taratibu ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho, sekunde moja au mbili kila kimoja, naye aseme anapohisi. Akikosa kuhisi kidole kimoja tu kati ya hivyo, mchukulie kuwa mguu umekufa ganzi na hautamwonya.

Zungumza naye mapema, akili ikiwa imetulia na dawa za usingizi hazijaingia. "Mzee, ukitoka upasuaji mguu huu utauona umewekwa juu ya mto na kisigino hakigusi godoro. Usiutoe, na usijisukume kwa kisigino. Ukitaka kusogea, tuite." Ndugu atakayekuwa akija kumuona naye asikie maneno hayohayo.

Ndani ya chumba cha upasuaji

Meza ya upasuaji ni ngumu kuliko godoro lolote la wodi, na mgonjwa hatikisiki. Weka pedi chini ya shavu la mguu uliobaki kabla ya kumfunika kwa vitambaa, kwa sababu vikishatandazwa hakuna atakayeufikia mguu huo tena hadi mwisho. Kanuni ni zilezile zinazofuata hapa chini. Anayempokea mgonjwa wodini aulize jambo moja zaidi: alikaa mezani muda gani? Upasuaji ukiwa umechukua saa nyingi, ukaguzi wa siku tatu za mwanzo uwe wa karibu zaidi.

Namna ya kukiweka kisigino hewani

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndipo makosa yalipo mengi. Fanyeni watu wawili kwa mara ya kwanza.

1. Mlaze chali, kichwa cha kitanda kisizidi nyuzi 30, isipokuwa anapokula au daktari ameagiza vingine. Pitisha kiganja juu ya shuka lililo chini ya mguu. Ondoa makunyanzi, makombo ya mkate, vifuniko vya sindano.

2. Mmoja ainue mguu kwa mikono miwili, mkono mmoja chini ya goti na mwingine chini ya shavu la mguu. Usiunyanyue kwa kushika kisigino wala kuuvuta kwa vidole.

3. Ingiza mto kwa urefu, ukiufuata mguu. Mto uliolazwa kwa kukatisha kitanda hubeba sehemu moja tu, na mara nyingi sehemu hiyo ni kano kubwa iliyo juu ya kisigino. Mto uanzie chini kidogo ya goti na uishie upana wa vidole vitatu juu ya kifundo. Uzito ugawanyike kwenye shavu zima la mguu.

4. Goti likunjike kidogo tu, nyuzi 5 hadi 10. Goti likinyooka kabisa na kulemea nyuma, vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) inayopita nyuma ya goti hubanwa na damu ikatuama, jambo linaloongeza hatari ya damu kuganda.

5. Jaribu kwa karatasi. Ipitishe chini ya kisigino kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ipite bila kukwama. Kisha pitisha kidole chini ya ile kano. Nayo isiwe imeegemea ukingo wa mto, kwani ngozi yake ni nyembamba na hupata kidonda kama kisigino.

6. Vidole vitazame dari. Mguu ulioachwa wenyewe hupinduka nje, ukalalia fundo la nje na ile nundu ya mfupa iliyo upande wa nje chini ya goti, ambapo neva inapita karibu kabisa na ngozi. Kunja taulo au kanga iwe mviringo mrefu, uibane kando ya paja kwa nje. Mgonjwa akisema juu ya mguu kumekufa ganzi ghafla, au akishindwa kuinua mguu kuelekea usoni kwake, neva hiyo imebanwa: badili mkao mara moja na umwambie daktari.

7. Legeza shuka la juu na neti miguuni. Shuka lililochomekwa kwa nguvu chini ya godoro husukuma vidole chini na kukirudisha kisigino kwenye mto.

8. Rudi baada ya dakika 15. Mto huwa umebonyea, na hapo ndipo utajua kama unafaa.

Mto wa sufi tulionao majumbani ukiwa mpya hufanya kazi nzuri, lakini ukishatumika sana sufi hugandamana ukawa kama ubao mwembamba. Kwa mtu mwenye mguu mzito tumia miwili, mmoja juu ya mwingine, kwenye foronya moja ili isiteleze. Mto uwe wa kitanda hicho, ukiwa na jina la mgonjwa. Ukichukuliwa usiku kwenda kumwegemeza mwingine, ulinzi umekwisha.

Kwa atakayekaa wodini wiki kadhaa, ni afadhali kushonesha kiegemeo cha sponji kwa fundi cherehani. Pima kutoka mkunjo wa nyuma ya goti hadi kwenye fundo la mguu, kisha toa upana wa vidole vinne au vitano. Kwa mtu mzima wa kimo cha kawaida utapata takriban sentimita 28 kwa urefu. Upana uwe 25 na unene 10. Sponji iwe ngumu kiasi: ikandamize kwa ngumi, na ukihisi meza chini yake, ni laini mno. Fundi achonge mfereji wa kina cha sentimita 3 kwa urefu, mguu ulale humo usipinduke. Vazi la ndani liwe la plastiki laini lisilopitisha maji, la nje la pamba linalovuliwa na kufuliwa. Kiegemeo kimoja kwa mgonjwa mmoja, na kisipite kwa mwingine kama kimelowa usaha au damu hadi kwenye sponji.

Hospitali nyingine zina viatu maalumu vya kuning'iniza kisigino. Ni vizuri, hasa kwa mgonjwa asiyetulia anayeupiga mto teke. Vifunguliwe angalau mara mbili kwa siku na ngozi itazamwe pale mikanda inapopita, kwani mkanda nao huweza kuchimba kidonda.

Sasa kigutu. Ukiona mguu mmoja uko juu ya mto, mkono huvutwa kuweka mto mwingine chini ya kigutu ili mambo yalingane. Usifanye hivyo, isipokuwa daktari wa upasuaji ameagiza kwa muda maalumu. Kigutu kinachokaa kimekunjwa juu ya mto hukakamaa kwenye goti au nyonga, na mguu wa bandia baadaye utakataa kukaa.

Visivyofaa, hata kama vimezoeleka

Glovu iliyojazwa maji na kufungwa, au chupa ya dripu iliyobaki nusu, huwekwa chini ya kisigino kwa nia njema kabisa. Maji husogea pembeni na kisigino kinatua katikati, huku mpira ukiifanya ngozi itoke jasho. Pete ya bandeji na pamba nayo iachwe: ukingo wake hubana mzunguko mzima, damu inayotakiwa kufika katikati inakatika na nyama inavimba ndani ya tundu.

Kuzungushia kisigino pamba nene na bandeji hakuondoi mgandamizo. Kunaongeza makunyanzi, na ubaya wake mkubwa ni kwamba kunakificha. Soksi za kubana zinazotumika kuzuia damu kuganda zisivalishwe mguu wenye ateri zilizoziba. Hata kwa mwingine zivalishwe kwa agizo la daktari tu. Chupa ya maji ya moto isisogezwe karibu na mguu uliokufa ganzi.

Na kusugua. Kusugua kisigino kilichobadilika rangi, iwe kwa spiriti, mafuta au dawa ya kuchua, huchana nyama ambayo tayari imejeruhiwa ndani. Ndugu wengi hukanda miguu kwa mapenzi, na si jambo la kuwakaripia. Waonyeshe wakande mabega na mikono.

Kuna bandeji za sponji zenye silikoni, za matabaka kadhaa, zinazobandikwa kwenye kisigino kizima ili kukinga. Zikipatikana zinasaidia kupunguza msuguano. Zifunuliwe upande mmoja kila zamu ngozi itazamwe, kisha zirudishwe. Hata hivyo haziondoi haja ya mto.

Kusogea bila kukita kisigino

Mgonjwa anaweza kuwa na mto mzuri na bado akapata kidonda kwa sababu ya namna anavyosogea. Anapokita kisigino na kusukuma, ngozi hushikwa na shuka wakati mfupa unasogea ndani. Mishipa midogo iliyo katikati huvutika na kukatika. Hayo hutokea kwa sekunde chache, na kwa mtu anayeteleza kushuka kitandani hurudiwa mara nyingi kwa siku.

Kwa hiyo kwanza zuia asiteleze. Kitanda kikiwa na sehemu mbili za kuinua, inua kwanza sehemu ya magoti, ndipo uinue kichwa. Ukianza na kichwa atashuka. Kumbuka kushusha sehemu ya magoti baada ya kula, kigutu kisibaki kimekunjwa. Mgonjwa mrefu kuliko kitanda mtazame zaidi, maana akishuka kidogo tu kisigino kinatua kwenye chuma cha miguuni.

Kumpandisha juu, tumieni shuka la kunyanyulia, lililokunjwa mara mbili na kutandikwa toka mabegani hadi mapajani. Watu wawili, mmoja kila upande, washike karibu na mwili, wahesabu pamoja na kumwinua kabla ya kumsogeza, bila kumburuza. Mtu wa tatu akiwepo ashike mguu uliobaki chini ya shavu lake. Akiwa hayupo, mgonjwa akunje goti na kuuinua mwenyewe.

Anayejiweza afundishwe kutumia mikono. Akae wima, viganja kando ya nyonga, anyooshe viwiko hadi makalio yainuke, kisha ajirudishe nyuma kidogo kidogo. Kitanda chenye chuma cha kujishikia juu ni bora zaidi. Pasipokuwa nacho, kamba imara au shuka lililosokotwa na kufungwa kwenye chuma cha miguuni humsaidia kujivuta akae bila kusukuma kwa mguu.

Bedpani tunaitaja peke yake kwa sababu husahaulika. Kujiinua makalio kwa mguu mmoja huweka karibu nguvu yote kwenye kisigino. Badala yake mgeuze ubavu, weka bedpani, umrudishe juu yake. Kutoa ni vivyo hivyo.

Mgonjwa anayesugua mguu kwenye shuka usiku kucha mara nyingi ana maumivu. Kigutu kinauma, au anaumwa mguu ambao haupo tena, na maumivu hayo ni ya kweli. Dawa za maumivu zitolewe kwa saa zake, zisisubiri mpaka alie. Akitulia, kisigino nacho kinatulia.

Kukagua ngozi nyeusi

Vitabu vingi husema tafuta wekundu usiopotea ukibonyeza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, na anayeusubiri atagundua kidonda kikiwa kimeshafunguka. Tena mgonjwa huyu hana kisigino cha pili cha kulinganishia. Linganisha basi na ngozi ya mguu uleule: shavu la mguu, au upinde wa unyayo.

Sogeza mguu kwenye mwanga wa dirisha, au tumia tochi ya simu ukimulika kwa pembeni. Tafuta sehemu iliyo nyeusi zaidi kuliko jirani yake, yenye kung'aa, au yenye rangi ya zambarau. Gusa kwa nyuma ya vidole. Joto lililozidi ni dalili ya mwanzo. Ubaridi huweza kumaanisha damu haifiki. Bonyeza taratibu kwa kidole: panabonyea kama pana maji ndani, au pamekuwa pagumu kuliko pembeni? Muulize kama panauma, panawasha au panachoma. Jibu la "sisikii kitu" kwa mwenye ganzi ya kisukari lisikutulize.

Fanya hivyo kila zamu, na wakati wa kukabidhiana zamu wote wawili mtazame pamoja. Kwa saa 24 za kwanza, kila saa mbili unapompima presha, funua na kisigino. Maandishi yasiwe "mgonjwa anaendelea vizuri." Andika hivi: "Saa 2 usiku. Kisigino cha kulia kiko hewani, ngozi nzima, hakuna joto wala ugumu, kano haijagusa mto." Kadi iliyobandikwa ukutani yenye maneno KISIGINO KIKAE HEWANI husaidia zamu ya usiku, wakati ndugu wamekwenda nyumbani.

Ndugu anayeleta chakula anafika asubuhi, mchana na jioni. Mpe kazi ya kutazama mambo matatu kila anapofika: mto uko mahali pake, karatasi inapita, ngozi haijabadilika. Akiona tofauti asirekebishe na kunyamaza, amwite muuguzi.

Mikao mingine

Kisigino kuwa hewani hakuondoi haja ya kumgeuza, kwa sababu uzito huhamia makalioni. Akilala ubavu kwa kuinama nyuzi 30, weka mto kati ya mapaja na mwingine chini ya mguu, fundo la mguu na pembeni mwa kisigino visiguse godoro. Mtaalamu wa fiziotherapia akisharuhusu, kulala kifudifudi dakika 20 hadi 30, mara mbili au tatu kwa siku, hunyoosha nyonga ya kigutu na kukipumzisha kisigino kabisa. Vidole vininginie nje ya ukingo wa godoro.

Akikaa kwenye kiti, unyayo wote ukae sakafuni au juu ya kistuli. Asininginize mguu, wala asiuegemeze kwa kisigino kwenye ukingo wa kistuli. Kwenye kiti cha magurudumu tazama kisigino hakigongi chuma cha nyuma ya kikanyagio. Kabla ya kusimama na magongo avae kiatu kilichofungwa nyuma, kisicholegea. Ndala humfanya arukeruke na kutua kwa kisigino.

Joto, jasho na mafuta

Joto la pwani na godoro lililofunikwa plastiki hufanya ngozi ibaki na unyevu saa zote, na ngozi iliyolowa huchubuka haraka. Weka shuka la pamba juu ya plastiki, moja tu. Kila tabaka unaloongeza linapunguza faida ya godoro. Osha mguu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, kausha kwa kugusisha taulo, pamoja na katikati ya vidole. Kisigino kikavu chenye nyufa kipakwe mafuta kidogo, ya nazi yanatosha, kwa kupaka tu bila kukanda, na yasiingie kati ya vidole.

Chakula

Mgonjwa aliye hatarini na aliyedhoofu anahitaji protini gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na nishati ya kilokalori 30 hadi 35 kwa kilo. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo protini ni gramu 75 hadi 90. Chai na mkate haviwezi kufika hapo. Mayai mawili hutoa gramu 12 hivi, vikombe viwili vya maziwa 16, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, na samaki wa gramu 150 zaidi ya 30. Dagaa waliosagwa kwenye uji ni njia nzuri kwa asiyeweza kutafuna. Mwenye figo mbovu asipandishiwe protini bila daktari. Sukari ya damu wodini mara nyingi hulengwa kati ya 7.8 na 10 mmol/L. Ikiwa juu siku nzima, ngozi haiponi hata ukilisha vizuri. Na mpime uzito upya baada ya upasuaji. Mguu uliokatwa chini ya goti ni takriban asilimia 6 ya mwili, hivyo uzito wa zamani utakupotosha katika hesabu.

Ukikuta mabadiliko

Ngozi nzima lakini ina joto, ugumu au rangi iliyobadilika: ondoa mgandamizo kabisa, hata dakika moja kisiguse kitu, mjulishe daktari, andika kipimo kwa sentimita, na rudia kutazama kila saa mbili. Wengi hupona hapa.

Lengelenge usilipasue. Lenye maji meupe lifunike kwa bandeji isiyonata na ukiweke kisigino hewani. Lenye damu, au doa la zambarau, lichukulie kuwa ni jeraha la ndani hata kama ngozi haijafunguka. Daktari wa upasuaji alione siku hiyohiyo na mapigo ya mguu yapimwe.

Gamba jeusi, kavu, gumu, lililoshikana vizuri pembeni, kwenye mguu usiopata damu ya kutosha, lisikatwe wala kulowekwa wala kupakwa asali au shubiri. Likiwa kavu linakinga kilicho chini. Liweke kavu, litazame kila siku. Likianza kulainika, kutoa maji au harufu, pembeni pakivimba au mgonjwa akipata homa, hilo ni la dharura: daktari aitwe saa hiyohiyo, hata usiku wa manane.

Kwenda nyumbani

Mto au kiegemeo kiende naye. Kwenye gari la kurudi Lushoto au Handeni mguu usinyooshwe juu ya kiti cha mbele kwa kuegemea kisigino. Ukinyooshwa, shavu la mguu libebwe na mto. Nyumbani, kitanda cha kamba kiwe na godoro. Anayeketi mkekani au kuswali kwa kukaa huku mguu umenyooka mbele aweke kanga iliyokunjwa chini ya shavu la mguu, au akae kwenye kiti hadi atakapopata nguvu.

Kisigino kitazamwe kila asubuhi na kila jioni. Asiyeweza kukiona atumie kioo kilichowekwa sakafuni, au mjukuu mwenye macho mazuri amtazamie. Doa jipya, lengelenge, joto, harufu au ufa unaotoa maji ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyo, bila kusubiri tarehe ya kliniki iliyoandikwa kwenye kadi.